Rafu ya Mitumba, Asahikawa

Usiku ule wa saba ulipotoka
theluji ilifika magotini,
na foleni ilianzia mlangoni kwetu
ikapita duka la miwani, ikapita posta,
ikakunja kona kwenye mashine ya kahawa ya makopo.
Baba alisimama na funguo mkononi
akihesabu vichwa kama anayehesabu deni alilolipwa.
Mia moja themanini na sita.
Hakuna aliyekuwa ameucheza.
Walichokiona ni bango tu:
ngazi ya fedha, mwezi, na lile jina,
Ngazi za Mwezi,
lenye umri sawa na wangu.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Huu haukuhitaji hata miguu.
Ulibebwa.

Wiki ya pili wakaanza kurudi.
Kwanza Bwana Inomata wa benki, kavaa barakoa,
akauweka kifudifudi juu ya kaunta
kama anayerudisha kwa jirani sufuria aliyoitia ufa.
Kisha wanafunzi, watatu watatu.
Theluji ilipoyeyuka, nakala mia na ishirini
zilikuwa zimebanana kwenye rafu ya mitumba,
migongo ya buluu,
nami nabandika stika juu ya stika:
yeni elfu nne, elfu mbili, mia tisa,
mia tatu.

Gazetini kampuni ilishangilia:
wa saba umeuza kuliko yote iliyoutangulia.
Kweli. Sibishani na hesabu.
Nauliza tu, ile pesa ilikuwa ya nani?
Mimi nasema ilikuwa ya wa sita,
ule wenye mto unaobadili njia ukilala,
uliotulisha wali baridi mwezi mzima
mimi na kaka yangu Tomoharu.
Wa sita uliacha urithi.
Wa saba ukautapanya kwa usiku mmoja.

Halafu ukaja wa nane.

Sijui niusemeje.
Kuna chumba ndani yake, orofa ya hamsini na tatu,
bibi mmoja anatia viraka soksi,
na ukikaa bila kugusa kitu
anaanza kukutajia ngazi zote ulizoanguka.
Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Tuliuza thelathini na moja.
Watu walisimama mbele ya kabati, wakasoma jina,
wakakumbuka ile mia tatu,
wakatabasamu kwa adabu, wakaenda zao.
Aliyeumwa na nyoka hushtuka aonapo ung'ongo,
hata ungekuwa wa dhahabu.
Bi Nagamine, anayetuletea mabango,
ndiye aliyetuambia kwamba timu ya wa nane imevunjwa.
Alisema huku akizungusha kikombe.
Chai hakuinywa.

Lakini itazame rafu.
Miaka minne, na hakuna hata mmoja uliorudi.
La, nasema uongo. Mmoja.
Kijana Shigeaki alipata kazi Nagoya, akapungukiwa nauli.
Tulimpa yeni mia sita.
Baba hakuubandika stika;
aliusukuma chini ya kaunta, nyuma ya risiti,
na Shigeaki aliporudi likizo ya mwaka mpya,
akaenda moja kwa moja kwenye rafu,
akapekua, akapekua tena, uso ukamshuka,
mpaka Baba alipokohoa.
"Mia sita," alisema.
Hakuongeza hata yeni.

Kesho unatoka wa tisa.
Wameutengeneza watu wengine kabisa.
Foleni imeanza tangu saa kumi, imeshapita duka la miwani,
maana sifa ya wa nane ilitembea polepole,
nyumba kwa nyumba, mdomo kwa sikio,
miaka minne bila bango,
na sasa imefika,
imebisha hodi mlango wa mwingine.

Nawaangalia kupitia kioo, wanapuliza vidole.
Labda utakuwa mzuri. Natamani uwe mzuri.
Hata hivyo nimepangusa vumbi kwenye rafu ya mitumba
na nimeacha nafasi.
"Ya ngapi?" Baba anauliza.
Namwambia tungoje theluji iyeyuke.